Vumbi la Kedong na Daftari la Hazina

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Nakuru, akiisha kuipita Limuru na kufika ukingoni mwa mteremko ambapo Bonde la Ufa hujifunua lote kwa mara moja, huuona mlima Longonot umesimama peke yake, na miguuni pake uwanda wa Kedong umetandazwa kama mkeka mkuukuu uliofifia rangi. Siku nyingi za mwaka uwanda huo hauna sauti ila ya upepo na kengele za ng'ombe. Walakini zijapo siku nne za Safari Rally, ardhi ile, ambayo asili yake ni majivu ya volkano, husagika ikawa unga mwembamba ambao madereva huuita fesh-fesh, na kila gari lipitapo huacha nyuma yake ukuta wa vumbi usiotua hata gari la pili likawadia. Nimesimama ndani ya vumbi hilo pamoja na maelfu ya watu wa Naivasha, Gilgil na Nakuru, watoto wamepandishwa mabegani mwa baba zao, wazee wameketi juu ya vigoda walivyovibeba kutoka nyumbani, na furaha niliyoiona usoni mwao ilikuwa furaha ya kweli. Nayasema haya mwanzoni ili msomaji asinidhanie kuwa ni hasimu wa mashindano haya. Ninayoyapenda ndiyo niyatakayo yawe na hesabu iliyo bayana.

Mashindano yenyewe yalizaliwa mwaka 1953, pale wapenzi wa magari katika Afrika Mashariki ya wakati ule walipotaka kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili kwa mbio ndefu zilizopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 yakapewa jina la East African Safari, na mwaka 1973, ubingwa wa dunia wa mbio za magari ulipoasisiwa, Safari ikawa mojawapo ya duru zake. Ukali wake ulikuwa mithali: mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mara tatu, yaani 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano, nne kati ya hizo zikifuatana tangu 1979 hadi 1982. Majina hayo yaliingia katika mazungumzo ya nyumba zetu. Hata leo watangazaji wetu wa michezo, wakitaka kuzitaja mbio za magari kwa Kiswahili, huziita langalanga, na Langalanga ni mtaa wa Nakuru ambao kila abiria wa matatu za jiji hilo anaujua.

Mwaka 2002 Colin McRae wa Uskochi alishinda Safari, na mwaka uliofuata Kenya ikatolewa katika ratiba ya dunia, sababu kubwa ikiwa ni uhaba wa fedha na upungufu wa matayarisho. Jambo hili lataka kutazamwa kwa utulivu, maana lina ushahidi ambao aghalabu husahauliwa. Mwaka huo huo wa 2003 yalianzishwa mashindano mengine, East African Safari Classic, ya magari ya zamani, yanayoendeshwa kwa ada za washiriki na fedha za wadhamini, nayo yangali hai. Hivyo basi lilibainika lile ambalo soko laweza kulibeba lenyewe, na lile ambalo soko halikuweza. Mbio za matajiri wenye magari ya kale zilijilipia. Mbio za ubingwa wa dunia, pamoja na ada ya kuandaa, helikopta za usalama, madaktari, matangazo ya televisheni, na mamia ya askari na wasimamizi wa njia, hazikupata wa kuzilipia, na kwa muda wa miaka kumi na minane hazikurudi.

Zilizirudisha fedha za umma. Serikali ya Kenya iliuunda mradi mahsusi wa kuirejesha Safari, ikaandaa mbio za majaribio mwaka 2019, na mwezi wa Septemba mwaka huo ikakubaliwa kuwa duru ya mwaka 2020. Maradhi ya korona yakaahirisha jambo hilo mwaka mmoja, na tarehe 24 hadi 27 Juni 2021 magari ya dunia yakarejea: mikondo 18, kiasi cha kilomita 320 za mashindano, Sébastien Ogier wa Ufaransa akiwa mshindi na Takamoto Katsuta wa Japani akiwa wa pili. Lililokuwa jipya ni kwamba makao ya mashindano yalihamishiwa Naivasha, katika viwanja vya taasisi ya utafiti na mafunzo ya wanyamapori, na mikondo mikubwa yote ikawa katika kaunti ya Nakuru na pembezoni mwake: Loldia, Kedong, Soysambu, Elmenteita, Sleeping Warrior, Hell's Gate. Siku ya mwisho Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kwamba Safari itaendelea kuwa duru ya dunia hadi mwaka 2026.

Tangu hapo kila mwaka husikika kwamba Safari imeliletea taifa mabilioni ya shilingi. Mimi sina ugomvi na mabilioni. Nina swali juu ya namna yanavyohesabiwa, na ili swali hilo lieleweke naomba ruhusa ya kumchukua msomaji hadi katika mfano mdogo, usio wa mtu yeyote, bali wa kufikirisha tu.

Tuseme familia moja ya Section 58, hapo Nakuru, inakwenda Soysambu kutazama mbio, na siku hiyo inatumia shilingi 10,000 kwa mafuta ya gari, nyama choma, soda na kiingilio cha mahali pa kuegesha gari. Mwandishi wa ripoti ya faida ataziandika shilingi hizo 10,000 katika upande wa mapato. Lakini familia ile isingekwenda Soysambu, ingekula nyama yake Nakuru, na muuza nyama wa Nakuru siku hiyo amekosa mteja. Kwa kaunti nzima hapakuongezeka kitu; fedha zimehama kutoka mfuko mmoja hadi mwingine kwa umbali wa mwendo wa nusu saa. Sasa tuseme anayekuja ni kijana wa Nairobi, naye anatumia 30,000 kwa usiku tatu za Naivasha. Hapo kaunti ya Nakuru imepata kweli, ilhali Jamhuri haikupata, kwa sababu fedha hizo zingetumika Westlands au Mombasa. Na kwa kuwa mlipaji mkuu wa gharama za Safari ni Hazina ya Taifa, faida ya Naivasha kwa hasara ya Mombasa si hoja ambayo mlipakodi wa Kenya nzima apasa kuridhika nayo. Tuseme tena kwamba anakuja mgeni wa Finland, shabiki wa timu ya Toyota yenye makao Jyväskylä, ambaye bila Safari asingeikanyaga Kenya. Huyu ndiye ambaye matumizi yake yote ni nyongeza halisi kwa nchi. Kumbe, katika umati wote ule wa Kedong, wa kuhesabiwa ni wachache, na ripoti isiyowatenga watu hawa watatu huwa imehesabu vichwa, haikuhesabu faida.

Kuna kundi la nne, ambalo halionekani kabisa, nalo ni la wasiokuja. Naivasha ni mji wa mapumziko wa Nairobi. Mwendo wa kilomita tisini hivi tu, ziwa, viboko, baiskeli katika Hell's Gate. Mwaka 2024 Safari ilitolewa mwezi wa Juni ikaletwa mwishoni mwa Machi, na siku zake, tarehe 28 hadi 31, zikaangukia hasa Pasaka. Mtu yeyote aliyewahi kutafuta chumba Naivasha wakati wa Pasaka anajua kwamba hoteli za ufuoni hujaa bila ya msaada wa gari lolote la mbio. Basi kitanda alicholalia shabiki siku zile ni kitanda ambacho familia nyingine ilikikosa, na bei iliyopanda ni fedha iliyotoka mfukoni mwa mlalaji kwenda kwa mwenye nyumba. Mwezi wa Juni ulikuwa na hoja nzuri zaidi ya kiuchumi, kwa kuwa mwezi huo hauna Pasaka ya kuvijaza vyumba bila ya mbio. Sijaona kokote mahali ambapo hoja hiyo ilipimwa kabla ya tarehe kubadilishwa, na laiti ingalipimwa mbele ya watu.

Kisha lipo suala la fedha ziingiazo na kutoka siku hiyo hiyo. Ada ya kuandaa duru hulipwa kwa mwenye haki za mashindano, ambaye makao yake yako Ujerumani. Magari huja na mafundi wao, mipira ya magurudumu huja na kampuni yake, na hata baadhi ya chakula cha timu huja na wapishi wake. Kinachobaki bondeni ni ujira wa siku kwa mhudumu, nauli ya bodaboda, mahindi ya kuchoma, kodi ya hema, faida ya mwenye hoteli, na, ikiwa mwenye hoteli anaishi ng'ambo, hata hiyo faida huenda isilale Naivasha. Sidharau ujira wa siku. Mama wa Karagita auzaye chai na mandazi kwa siku nne za mbio huweza kupata karo ambayo angeitafuta kwa miezi, na mtu anayelidharau hilo hajawahi kudaiwa karo. Nasema tu kwamba fedha zake ni jambo moja, na mabilioni ya matangazo ni jambo jingine, nazo zisiandikwe katika mstari mmoja.

Nchi nyingine zimelipitia darasa hili kabla yetu, na taksiri ni yetu tusipolisoma. Mji wa Melbourne, Australia, umekuwa mwenyeji wa mbio za Formula One tangu mwaka 1996, nazo hutegemea ruzuku ya serikali ya jimbo la Victoria. Mwaka 2007 Mkaguzi Mkuu wa jimbo hilo alizichunguza mbio za mwaka 2005 kwa njia mbili. Kwa njia ya kwanza, ipimayo ni kiasi gani shughuli za uchumi zimeongezeka, alipata kwamba pato la jimbo liliongezeka kwa dola milioni 62.4. Kwa njia ya pili, iwekayo gharama zote mizani moja na manufaa yote, aligundua kwamba mbio zile zilikuwa na hasara ya dola milioni 6.7. Mbio ni zile zile, mwaka ni ule ule, mkaguzi ni yule yule. Msemaji wa serikali akichukua tarakimu ya kwanza hasemi uongo. Lakini mwananchi anayeulizwa kama fedha zake zimetumika kwa busara anastahili tarakimu ya pili. Na mji wa Hamilton, New Zealand, ambao kwa ukubwa na mazingira yake ya ng'ombe na maziwa wafanana na Nakuru kuliko Melbourne, ulifungua mbio za magari katika barabara zake mwaka 2008, ukazikatisha mwaka 2012 kabla ya muda wa mkataba kwisha, baada ya uchunguzi kuonyesha kwamba gharama kwa walipakodi zilikuwa zikikaribia dola milioni 40. Kule baraza la mji ndilo lililotia saini na ndilo lililobeba mzigo. Kwa hiyo wakazi walijua mlango wa kubisha.

Kwetu mlango huo haujulikani, na hapa ndipo uzito wa jambo ulipo kwa mkazi wa Nakuru. Fedha za Safari zimetoka kwa kiasi kikubwa katika Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, ambao nao hulishwa na kodi za michezo ya kubahatisha. Yaani, ukiifuata shilingi hadi kisimani ilikotekwa, utamkuta kijana wa Kaptembwo au wa Bondeni aliyebashiri mechi za Jumamosi akakosa, na sehemu ya fedha alizokosa ikawa kodi, kodi ikawa mfuko, mfuko ukawa mbio. Mfuko uliolishwa na kukosa kwa vijana maskini una deni la dhamiri kwa vijana hao ambalo fungu jingine la bajeti halina. Na Mfuko huo huo ndio unaotazamwa na wanariadha, na vilabu vya mpira, na waandaaji wa viwanja. Kila shilingi iendayo Kedong ina uwanja mmoja wa mtaa ambao haitakwenda.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 201, inataka fedha za umma ziongozwe kwa uwazi, uwajibikaji na ushiriki wa wananchi. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Na Jedwali la Nne limezipa kaunti kazi ya burudani za umma na michezo ya mahali, huku likiiachia serikali ya taifa ukuzaji wa michezo kwa jumla. Safari imekaa katikati ya mgawanyo huu. Mkataba hutiwa saini Nairobi. Barabara za vijijini zinazochimbuliwa na magari, taka zinazobaki Loldia, wagonjwa wa ajali za bodaboda wanaopelekwa hospitali ya Naivasha usiku wa Jumamosi, msongamano wa barabara kuu ambao humzuia dereva wa lori la maziwa, hayo yote ni ya Nakuru. Na mifugo ya Kedong haina wakili katika meza ya mkataba, wala flamingo wa Elmenteita, ambao ziwa lao lilitambuliwa na mkataba wa Ramsar mwaka 2005 na kuingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2011. Sina ushahidi wa kudai kwamba siku nne za mbio zimewadhuru. Nadai kwamba gharama isiyo na bei haikosi kuwa gharama, na kwamba mahali pake ni ndani ya daftari pamoja na ada na mafuta.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tarehe 29 Aprili 2024, mwezi mmoja tu baada ya magari kuondoka bondeni, maji yalivunja tuta la reli juu ya Mai Mahiu usiku wa manane, yakafagia nyumba za Kamuchiri na kuwaua watu zaidi ya 40 waliokuwa wamelala. Mai Mahiu iko katika Naivasha ile ile ya Safari. Huko Kihoto, kando ya ziwa, maji yamewafukuza watu majumbani mwaka 2020 na tena mwaka 2025. Haitakuwa haki kusema kwamba mbio ndizo zilizosababisha mikasa hiyo, wala kwamba fedha zake zingeiepusha. Fedha za serikali hazihami kwa wepesi namna hiyo kutoka fungu hadi fungu. Ila mtu anapotuambia kwamba matumizi fulani ni rasilmali iletayo faida kwa watu wa Naivasha, anatualika kuyalinganisha na matumizi mengine ambayo watu wa Naivasha wangeyachagua, na ulinganisho huo hauwezi kufanyika ikiwa upande mmoja una tarakimu na upande wa pili una shangwe.

Niseme sasa ninaloliamini, maana nimekwisha kuuliza ya kutosha. Naamini kwamba Safari Rally haijilipii kwa maana ya mfanyabiashara, na sidhani kama iliwahi kutarajiwa kujilipia. Ilianza kama sherehe, ikakua kuwa hadithi ya nchi, na serikali iliyoirudisha ilitaka, pamoja na watalii, kitu ambacho hakiuzwi sokoni: picha ya Longonot katika televisheni za dunia, Mkenya akisimama kando ya njia aliyosimama babake, dereva kijana kama Karan Patel akiutwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2023 baada ya kujifunza katika ardhi hiyo. Hiyo ni fahari. Taifa lina haki ya kununua fahari kwa fedha zake, kama linavyogharimia gwaride la Jamhuri na timu za Olimpiki, na sioni aibu kwa hilo. Dhuluma ipo katika kuiita fahari faida. Fahari ikiitwa faida, hakuna anayeuliza bei yake, kwa kuwa kilicholeta mabilioni hakina bei. Na bei isipoulizwa, hupanda. Tena fahari inunuliwayo hukadiriwa: mtu huamua kwamba kwa kiasi hiki nitafurahi, na kikipita hapo nitaketi nyumbani. Mkenya hajaulizwa kamwe kiasi chake.

Muda uliotangazwa mwaka 2021 unakoma mwaka 2026, na mazungumzo ya muda mwingine hayakwepeki. Bunge la Kaunti ya Nakuru lina kila sababu ya kutaka liwemo humo tangu mwanzo, na kuyataka mambo yanayoweza kutimizwa bila gharama kubwa: wageni waulizwe njiani wametoka wapi na wangekuwa wapi kama si Safari, ada ya mwenye haki za mashindano ijulikane hadharani, pamoja na fedha za wadhamini binafsi zilizokusanywa dhidi yake, tarehe ichaguliwe kwa kutazama vitanda vitupu vya bondeni, isichaguliwe kwa urahisi wa kalenda ya Ulaya pekee, na sehemu ya fedha, hata ikiwa ndogo, itengwe kisheria kwa barabara na zahanati za kata zinazopitiwa na magari. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali aombwe, kabla ya saini mpya, kufanya lile alilolifanya mwenzake wa Victoria, kwa njia zote mbili.

Na ripoti yake ikiisha kuandikwa, isibaki katika lugha na kabati za Nairobi. Nakala zibandikwe ofisi za manispaa ya Naivasha na ofisi za jiji la Nakuru, kwa Kiswahili, kwa maandishi makubwa, mahali ambapo mama wa mandazi wa Karagita, akipita kulipia leseni yake ya biashara, ataweza kuisimamia na kuisoma, akaona ni shilingi ngapi zilizotoka na ni ngapi zilizorudi.